Tumbo la Ndege Alilolikalafati Baba

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa mashua, haijanitoka puani mpaka leo, na kila inaponijia huja na hasira. Baba alikuwa fundi wa mashua katika kijiji chetu cha pwani karibu na mji wa Palma. Watafiti wa gesi walipojaa pwani, mhandisi mmoja mzee, mzungu, alipanga chumba kwetu, akanipa boksi kuukuu lenye vipande vya plastiki vya ndege ya vita, ile ya kuangusha mabomu. Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Gundi yake ilikuwa imekauka zamani na maelezo hatukuyaelewa, basi baba akaiunda kama anavyounda mashua: alianza chini kwenda juu, akaunga kwa utomvu wa mkorosho, kisha akakalafati kila ufa kwa pamba iliyolowa sifa. Tumboni palikuwa na vijilango viwili vya kuangushia mabomu. Navyo akaviziba.

"Chombo chenye tundu tumboni hakifiki, mwanangu," aliniambia.

Bibi mzaa mama, mtu wa Mueda, ambaye wakati wa vita vya uhuru alilala mashimoni huku ndege za mabomu za wakoloni zikipita juu, aliigusa kwa kidole kimoja. "Umefanya vyema, mkwe wangu. Hapo pasifunguliwe."

Mhandisi aliporudi aliangua kicheko, akawaita wenzake waje kuona. Bila kuomba ruhusa akatoa kisu, akaichokonoa pamba yote, akavifungua vile vijilango. "Assim é que é," alisema, hivi ndivyo inavyotakiwa. Baba alisimama na tezo lake la kuchongea mbao mkononi akitabasamu kwa adabu, kwani mgeni ni mgeni. Nami nikatabasamu. Tabasamu lile sijajisamehe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Sisi tulipona nini?

Haukupita muda, wakaja watu wengine wa gesi na rangi, wakaandika namba kwenye milango yetu, nao hawakuomba ruhusa. Tukahamishiwa bara, kwenye nyumba za paa la bati zilizopangwa mistari. Walimsifia baba ukuta wa saruji. Yeye aliuliza bahari iko wapi.

Juzi niliitoa ile ndege sandukuni. Baba, ambaye tezo lake linaota kutu ukutani, aliniomba pamba. Sifa hatuna tena. Nilimpa mafuta ya kupikia. Akaviziba vile vijilango upya, na safari hii hakutabasamu.