Kizibao Kwenye Kiti

Pale hospitalini, siku ya maafa mwenye amri ni mmoja tu: aliyevaa kizibao chekundu. Yeye hagusi mgonjwa. Anakaa mezani na redio, anasema nani apelekwe wapi, wengine wanatii. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Somo hilo metroni aliwafundisha wauguzi wote, kwa ukali uliowafanya wambandike jina la Jemadari.

Kiwanda cha magodoro kiliposhika moto, alivaa kizibao mwenyewe. Mdogo wake, kitinda mimba wao, alikuwa mshonaji humo. Jemadari alilimeza hilo, akafanya kazi, na mambo yakaenda. Kisha mganga mkuu akaingia akihema, akanyoosha mkono apewe kizibao. Akapewa, ndiyo kanuni: mkubwa akifika, amri ni yake. Lakini mganga mkuu alikuwa mpasuaji tangu ujana wake, na mpasuaji na kisu ni chanda na pete. Aliposikia chumba cha upasuaji kimezidiwa, alikivua kizibao, akakitupia kwenye kiti, akaondoka bila kumkabidhi mtu.

Redio ikakoroma, dereva wa gari la wagonjwa akiita. "Mezani, nina wawili wameungua, wanapumua kwa shida. Langoni pameziba. Niwapeleke wapi?"

Jemadari alijua: mlango wa nyuma, kwa dobi. Akakitazama kizibao.

"Kivae tu, dada," karani wa simu alimwambia.

"Cha mkubwa hicho. Anarudi sasa hivi. Nikikivaa tutakuwa wawili."

Wahenga walisema heshima si utumwa. Siku hiyo ilikuwa utumwa mtupu.

"Mezani? Kuna mtu?"

Redio iliuliza tena na tena, kisha ikanyamaza. Mganga mkuu hakurudi. Jemadari alipokivaa hatimaye, gari lilikuwa bado limebanwa langoni, na mmoja wa wale wawili alikuwa amekata roho. Walipomfunua uso, alikuwa mdogo wake.

Msibani mama yao alimshika mkono, hamwachii.

"Kumbe ulikuwepo pale pale, mwanangu?"

"Nilikuwepo, mama."

"Afadhali. Nilikuwa nalia nikidhani amekufa kwa watu baki, hana hata wa kumwitikia akiita. Kumbe dada yake alikuwepo."

Jemadari aliinamisha kichwa. Mama akaendelea kumshukuru.