Kimya cha Majirani

Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998. Mawingu mazito, upepo wa kaskazini magharibi, theluji kavu ikikimbia barabarani kama unga uliomwagika. Siku hiyo shamba la marehemu Orville Brekke lilipigwa mnada katika chumba cha chini cha kanisa. Arvid Tollefsrud alikwenda amevaa shati lililopigwa pasi, binti yake Joleen pembeni.

Shamba hilo, ekari mia moja na sitini za ngano, lilipakana na la Arvid upande wa mashariki. Joleen alikuwa amerudi kutoka jiji la Minneapolis, alikofanya kazi ya ofisini kwa miaka bila kuipenda. Alitaka kulima. Lakini shamba la Arvid lilitosha kumlisha mtu mmoja tu. Bila ardhi ya Brekke hakuwa na nafasi pale. Benki ilikuwa tayari kuwakopesha kwa sharti moja: Arvid aweke shamba lake dhamana. Ndiyo maana kibao cha namba, kinachoinuliwa mnadani kutaja bei, kilikuwa mkononi mwa baba.

"Baba, hujabadili mawazo?" Joleen aliuliza kabla hawajashuka garini.

"Tutaona."

"Tutaona ya kweli, au tutaona ya akina Tollefsrud?"

Arvid alichekea puani, akazima injini.

Majirani wote walikuwepo, wakinywa kahawa na kula chapati za viazi zilizopakwa siagi na sukari. Kule hakuna anayelisema, ila kila mtu analijua: mtoto wa jirani akitaka kuanza, na ardhi inapakana na ya kwao, wengine huja mnadani, hukaa, na hawapandishi bei. Palmer Kvamme, ambaye angeweza kulinunua shamba lile kwa fedha taslimu, alikunja mikono kifuani waziwazi ili kila mtu aone.

"Leo hata ukijikuna pua umenunua," alimnong'oneza Arvid. "Jikune basi, bwana!"

"Na wewe ukikohoa je?"

"Mimi kikohozi nimekiacha nyumbani na mke wangu."

Dalali akataja bei ya kuanzia, ya chini sana kuliko ardhi ile ilivyostahili. Karani aliyekaa na simu akainua kidole: mnunuzi mjini Fargo ameikubali bei hiyo, mtu ambaye hakuna aliyemjua. Dalali akamgeukia Arvid. Chumba kizima kikamngoja, kila mtu akitazama kikombe chake.

Vuli nzima Arvid alikuwa amepiga hesabu, na kila mara hesabu ilikubali, hata akitia humo miaka miwili ya ukame. Lakini pale kitini hakuiona hesabu. Aliona baiskeli nyekundu. Mwaka 1984 kaka yake Gaylen alimletea karatasi za benki, akimwomba amdhamini. Arvid alikataa. Benki ikachukua kila kitu cha Gaylen, na vitu vikauzwa palepale uani, hadi baiskeli ya mtoto, ikapakiwa juu ya gari la mtu mwingine. Gaylen alihamia Spokane, mbali magharibi, wala hakuandika tena. Watu walisema Arvid ana akili. Naye aliamini, maana yeye alibaki na shamba.

"Mara ya kwanza," dalali alisema. Akangoja muda mrefu kuliko kawaida. "Mara ya pili."

"Baba," Joleen alisema, taratibu, kama anayemwamsha mtu usingizini.

Kibao kilibaki gotini. Nyundo ikagonga, shamba likawa la yule wa Fargo.

Doris, mjane wa Brekke, aliinuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kumaliza kahawa. Majirani walikuwa wamenyamaza kwa ajili ya Arvid, na kimya chao kikamfanya mjane auze kwa bei ya kutupa.

Palmer alikunjua mikono. "Ungeniambia, Arvid. Jana tu ungeniambia. Yule wa Fargo ningempandishia mpaka jasho limtoke."

"Jana nilikuwa sijui."

Ilikuwa kweli, na haikumsaidia mtu.

Nyumbani Joleen hakupiga kelele. Alikunja nguo zake kitandani, na baba yake akasimama mlangoni, bado amevaa koti.

"Ungesema hapana tangu nilipokuuliza Agosti, ningekuelewa," Joleen alisema.

"Tungeweza kupoteza yote mawili, mwanangu. Hilo na hili."

"Ndiyo, tungeweza." Alifunga sanduku. "Sasa hili lako lipo, Baba. Lipo salama kabisa. Utamwachia nani?"

Arvid akamuuliza kama amekula.

Kesho yake asubuhi Arvid alitoka kabla binti yake hajaamka. Alipangusa theluji kwenye vioo vya gari la Joleen, akapima upepo wa matairi yote, pamoja na lile la akiba. Akabeba magunia mawili ya mchanga kutoka ghalani, akayalaza kwenye buti ili gari lisiteleze barabarani, na juu yake akaweka blanketi na kopo la kahawa lenye mshumaa na kiberiti ndani, vya kujipatia joto akikwama thelujini. Akafunga buti, akalisukuma kwa kiganja kuona kama limeshika. Akapiga hatua chache kuelekea nyumbani, akageuka, akarudi kulisukuma tena.