Ukiwa Hapo Hapo, Niguse na Shingo

Saa mbili asubuhi, mtaalamu wa tiba ya viungo ananawa mikono kwa mara ya tatu. Si kwamba ni michafu, ila hajui pa kuiweka. Kwenye kona ya chumba, kando ya kamba za kunyooshea mabega, msimamizi wake ameshakaa, kalamu mkononi, uso mkavu.

Leo ni siku yake ya kwanza kazini tangu baraza la taaluma limsimamishe. Kwa mwaka mzima hataruhusiwa kumgusa mgonjwa bila jicho la mwenzake. Akivunja kanuni tena, leseni inafutwa, na hapo unga utakuwa umemwagika kweli.

"Usiku sikulala," anasema, akijifuta kidole kimoja kimoja. "Mume wangu kaniambia, mke wangu, unakwenda kazini, huendi vitani. Yeye anatengeneza mafriji. Friji haimshtaki mtu."

Anacheka. Kwa miezi sita aliyosimamishwa, mume ndiye aliyeibeba nyumba, na yeye alishinda akikunja upya nguo za watoto zilizokwisha kukunjwa.

Wagonjwa wanamwita Dada Mikono, na mikono hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka jana binti mmoja alimleta mama yake, mshonaji wa sare za shule, na barua ya daktari: bega la kulia limekakamaa, litibiwe. Kanuni haina kona. Mtaalamu anatibu kilichoandikwa. Likizuka jipya, anauliza, anapima, kisha anamrudisha mgonjwa kwa daktari. Lakini mama ameshajilaza, bega limelegea, raha imempanda, akasema lile neno ambalo kila mtu wa kazi hii analijua: "Mwanangu, ukiwa hapo hapo, niguse na mguu."

Akamgusa. Alilikanda shavu la mguu juu ya soksi ndefu, wala hakuivua.

"Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua," anasema. "Mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto, huukandi. Huenda damu imeganda ndani. Mimi soksi sikuivua. Hata kuuliza sikuuliza. Nilitaka tu afurahi."

Jioni ile mshonaji alianza kukosa pumzi. Donge la damu lilikuwa limefika kwenye mapafu. Alilazwa, akapona kwa taabu. Binti akapeleka malalamiko, na nani angemlaumu?

"Adhabu nilistahili," Dada Mikono anasema. "Kilichonichoma ni yule binti kuliambia baraza kwamba mguu wa mama ulikuwa umevimba tangu juzi yake. Angeniambia, ila nilimwamuru asubiri nje." Ndivyo alivyowafanyia ndugu wa wagonjwa wote. Alipenda chumba kitulie.

Mlango unabishwa. Mgonjwa wa kwanza anaingia. Ni mama mshonaji. Nyuma yake yupo binti, amefunga mikono kifuani, anabaki kizingitini.

"Msinitolee macho," mama anasema. "Bega limerudia, na barua ninayo. Na huyu tumegombana njia nzima. Nimemwambia nataka mikono ile ile."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, kazi."

Dada Mikono anaisoma barua mara mbili. Bega la kulia, basi. Anaomba soksi zivuliwe, anatazama miguu yote miwili, anauliza kuhusu dawa za kuzuia damu kuganda. Mama anaguna kwamba daktari alishamwachisha. Ndipo mikono inapopanda begani, polepole.

"Aaa, hapo hapo!" mama anasema, macho yamefumba. "Sasa ukiwa hapo hapo, niguse na shingo."

Kalamu ya msimamizi inasimama. Vidole vya Dada Mikono vimefika pembeni kabisa ya shingo. Mgonjwa aliyeumia mikononi mwake amerudi kwa hiari yake, anaomba kidogo tu. Kumkatalia, jamani, kunauma.

Anaviondoa. "Mama, shingo haimo kwenye barua."

"He! Umekuwa askari? Nimegombana na mwanangu kwa ajili yako, nawe unaninyima?"

"Nakunyima, mama, nisamehe. Imeanza lini?"

"Jana tu. Nililala vibaya."

"Si jana." Sauti inatoka mlangoni. "Tangu wiki iliyopita. Na vidole vinakufa ganzi, sindano inamdondoka."

"Wewe nawe na mdomo wako!" mama anafoka.

Dada Mikono hagusi tena. Anampigia daktari simu palepale, kila mtu akisikia, na jibu linakuja bila kuzunguka: aletwe leo hii, asiiguse mtu shingo hiyo mpaka apimwe. Msimamizi anaandika jambo.

"Siku ile ungesema hivi hivi," binti anasema, akitazama sakafu.

"Ningesema. Na ningekuita ndani."

Mwaka huu ukiisha salama, Dada Mikono anataka kufungua chumba chake mwenyewe. Hajui kama atafika. "Lakini kando ya kitanda kitakuwepo kiti cha ndugu," anasema. "Mgonjwa atanificha mambo kwa aibu au kwa kunipenda. Ndugu atasema."

Mama anapovaa viatu, bado amenuna, Dada Mikono anaondoa mkoba wake kwenye kiti cha dirishani na kukisogeza kando ya kitanda. Binti anakitazama. Kisha anavuka kizingiti, anakaa.

"Daktari akishampima nitamrudisha," anasema. "Nitakaa hapa."