Hodi ya Tatu

Kwetu Ukunda mtu hafiki mlangoni mwa mwenzake akaingia tu. Hata mlango ukiwa wazi, na mwenyewe anaonekana ameketi anapepeta mchele, mgeni husimama nje akabisha hodi. Asipojibiwa hubisha tena. Akibisha mara ya tatu na kimya, hugeuka akaenda zake, wala hana haki ya kununa. Ndivyo alivyotufunza mama, na mwalimu wa chuo cha Kurani akakazia. Nikakua nikidhani dunia nzima iko hivyo, hasa ile nchi dini yenyewe ilikoanzia.

Nyumba niliyofanyia kazi Riyadh ilikuwa na adabu hizo, tena nyingi. Baba mwenye nyumba, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kazi, hakupanda ngazi bila kupaza "Ya Satir!" ili wanawake wa watu wajifunike. Madam aligongewa mlango hata na watoto wake wawili. Chumba changu tu ndicho kilichosahauliwa. Kilikuwa nyuma kabisa, kando ya mashine za kufulia, na mlangoni palikuwa na tundu la kitasa, ila kitasa chenyewe kiling'olewa kabla sijafika, kikaachwa kishikio tu. Ndani, mbali na kitanda changu, mlikaa pasi na meza yake, masufuria makubwa ya Ramadhani, masanduku ya safari, na mti wa plastiki ambao sikuwahi kujua ni wa nini. Basi kila mtu alikuwa na sababu ya kuingia. Hodi yangu ilikuwa bangili za madam. Zikilia ukumbini, mlango uko wazi. Nimekutwa nikivua nguo, nimekutwa nikiswali, siku moja nimekutwa nikilia, na madam akachukua pasi akatoka. Hakuwa na ubaya. Aliingia stoo, akatoka stoo.

Sikupigwa katika nyumba ile wala sikunyimwa chakula. Nayasema haya mapema nisije nikaeleweka vibaya. Nilitaka kitu kimoja tu, kitasa, na nilikiomba kwa mdomo wangu.

"Kitasa cha nini?" madam aliniuliza. "Hapa wezi mafi, hakuna."

"Si wezi, madam. Ni mimi tu, nikiwa navaa."

"Mimi mwanamke, wewe mwanamke. Unaficha nini?"

Nikasema tu, naomba. Akanitazama, akatazama simu yake, akasema tukirudi safari tutaona. "Yalla, kapange masanduku."

Safari yenyewe ilikuwa ya Uingereza, kukimbia joto la mwezi wa saba. Tulipitia Jeddah kwanza kumchukua mama yake baba, kikongwe anayeishi mtaa wa Al-Baghdadiyah katika nyumba ya zamani ya ngazi nyembamba. Wajukuu wanamwita Sitti, yaani nyanya, na mimi pia. Magoti yake yameisha. Nilichukuliwa kwa ajili ya magoti hayo na kwa ajili ya watoto. Kwenye ndege, Sitti akiwa amelala begani kwangu, nikajiambia: safari nzima sitafanya kosa hata moja, nirudi nikidai kitasa changu.

Hoteli haikuwa mjini. Ilikuwa nyumba ya mawe, kubwa, ya ukoo wa mabwana wa zamani ambao waliishiwa wakaigeuza hoteli. Kutoka langoni hadi barazani ni mwendo wa gari juu ya kokoto. Ukutani palitundikwa vichwa vya paa waliokufa, na dirishani paa walio hai walikula majani bila kumwogopa mtu. Moto wa kuni uliwaka sebuleni mwezi wa saba, na hakuna aliyeona ajabu. Bafu la Sitti lilikuwa na miguu minne kama mnyama. Sakafu zililia kila ukikanyaga. Mazulia yalikuwa yamechakaa hadi nyuzi zinaonekana, na madam akayapiga picha. Kwetu zulia likifika hapo huwekwa mlangoni watu wafute miguu. Pale watu walipanda ndege kuja kulikanyaga. Saa ya alasiri ililetwa chai kwenye sinia la ghorofa tatu, na ndani ya mkate mmetiwa tango. Tango tupu. Sitti alifunua mkate, akachungulia, akaufunika tena kwa heshima.

Mimi nilipangiwa kulala na watoto, lakini chumba chao kilikuwa cha vitanda viwili, na hoteli haikukubali godoro chini. Mambo ya kuzuia moto, walisema. Madam alikunja uso, baba akatoa kadi, nikapewa chumba changu mwenyewe juu kabisa, chini ya paa la nyumba. Mzee mmoja mhudumu, wa makamo ya baba yangu, akataka kunibebea begi. Tukavutana nalo ngazini mpaka nikaona haya, nikaliachia. Juu akafungua mlango, akanikabidhi ufunguo wa shaba, mzito, wenye kishada chekundu, akainama kidogo akaenda.

Nikafunga mlango. Nikaufungua. Nikaufunga tena. Nikavua mtandio, nikavua na baibui, nikakaa kitandani na gauni la ndani nikiutazama ule mlango, jua la alasiri likinipiga miguuni. Hakuna aliyekuja. Nilifurahi furaha ya mtoto, mpaka nikajionea haya mwenyewe.

Kesho yake wageni walitembezwa kuonyeshwa nyumba. Katika jiko la zamani palikuwa na kengele zimepangwa safu juu ya ukuta, kila moja na jina la chumba chake, ili bwana akivuta kamba huko aliko, mjakazi ajue anaitwa wapi. Mtembezaji akasema wajakazi walilala juu kabisa chini ya paa, wanne wanne, na kwamba leo vyumba hivyo wageni wanavigombea. Baba akamtafsiria mama yake.

"Kengele ikilia, mjakazi anapanda ngazi zote hizi?" Sitti akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Maskini," akasema Sitti. Kisha akaninyooshea mkono nimshike, magoti yanamuuma.

Mambo yangu yaliharibika bila mimi kujua. Kila asubuhi, watoto wakishakula na Sitti akishakaa karibu na moto, nilipanda chumbani kwangu kupumzisha mgongo. Na kila asubuhi mlango ukagongwa. Sauti ya mwanamke, laini, ikasema ni mhudumu wa vyumba. Siku ya kwanza nilikaa kimya nikidhani anagonga chumba cha jirani. Akagonga tena. Nikafikiri labda madam amemtuma mtu kunitafuta nimekaa bure, lakini madam hatumi mtu, na akija hagongi. Nani alishawahi kunigongea mimi mlango? Hayupo. Basi si mlango wangu. Akagonga mara ya tatu, akangoja, kisha nikasikia kigari chake kikienda kikilia juu ya mbao. Nikasema moyoni, huyu mama amefunzwa kwao.

Ikawa hivyo na siku zilizofuata. Chumba sikukiacha kichafu, haiwezekani. Kitanda nilicholalia mimi hukitandika mimi. Bafu nilisugua kwa kitambaa changu, taulo nikafua nikaanika dirishani, takataka nikashuka nazo kwenye mfuko na kuzitupa kwenye pipa la nje. Nilijiona mgeni mwema kupita wote. Kumbe huko chini walikuwa wamepata hofu. Katika hoteli ya aina ile, mgeni asiyetaka kitu, asiyefungua mlango na asiyebadilisha hata taulo ni jambo la kutisha. Wakamwendea madam, kwa adabu zote, kumwuliza kama yule dada wa juu yu mzima, na kama anaruhusiwa kutoka.

Nilikuwa nimekaa kitandani niliposikia bangili. Zilipanda ngazi haraka. Mwili wangu ukasimama wenyewe kama tuko Riyadh, mkono ukadaka mtandio. Kishikio kikazunguka, kikakwama. Kikazunguka tena.

"Fungua!"

Kabla sijapiga hatua nikasikia sauti nyingine, ya mkuu wa wahudumu, mwanamke mwembamba niliyekuwa nikimwona chini na funguo zake kiunoni. Akasema kwa Kiingereza cha taratibu, "Samahani, madam. Huyu ni mgeni wetu. Tumbishie hodi."

Akagonga. Akangoja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hodi zote zile zilikuwa zangu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Akagonga mara ya pili. Upande wa pili wa ubao ule madam alikuwa amesimama ananingoja, na bangili zake hazikutoa sauti. Tangu nimjue hajawahi kusimama mlangoni kwangu.

"Karibu!" nikaropoka, kwa Kiswahili. Kwa kuwa hawakuelewa, hakuna aliyeingia. Ikabidi nizungushe ufunguo.

Yule mama aliniuliza kama ni mzima, kama chumba kinanipendeza, kama mito ni migumu. Nikajibu kila kitu kizuri, asante. Akatazama kitanda, akatazama taulo dirishani, akaniambia kwa upole kwamba nikipenda, hizo ni kazi zao. Madam alitabasamu muda wote. Mama wa watu alipomaliza kushuka, tabasamu likaondoka naye.

"Umenitia aibu. Wanadhani tunakutesa. Wanadhani tumekufungia!"

"Samahani, madam. Sikujua wananigongea mimi."

"Nani mwingine?"

Nilikiona kitasa changu kikienda hivi hivi.

Tulirudi kwa njia ya Jeddah, tukakaa siku chache kwa Sitti. Nikangoja madam apumzike, ale, azungumze na dada zake kwa simu hadi acheke. Ndipo nikamwendea. Nikamkumbusha kwamba alisema tukirudi ataona.

"Halas, basi," akasema. "Kitasa mafi. Uliona ulivyojifungia kule? Na pasi je? Nikitaka kupiga pasi nikuombe ruhusa?"

Nikasema pasi naweza kuihamisha. Akauliza iende wapi, na ni kweli hapakuwa na pa kuipeleka. Nyumba ya vyumba vyote vile, pasi haikuwa na kwao ila chumbani kwangu. Iliniuma, tena sana. Nilichukua mashuka ya Sitti nikapanda nayo darini, juu ya nyumba, kuyaanika, nikalia huko katikati ya nguo mbichi, harufu ya samaki wa kukaanga ikipanda kutoka dukani chini. Kisha nikasikia baba akipanda ngazi kuja kutazama tangi la maji. "Ya Satir! Ya Satir!" Nikajifunika upesi, nikajifuta uso. Hodi hiyo ilikuwa ya wanawake wote wa nyumba, nami nimo. Lakini mtu hawezi kuishi darini.

Riyadh tuliikuta na joto lake lile lile. Masanduku yakarudi chumbani kwangu, chini ya mti wa plastiki. Ufunguo wa shaba niliuacha kule kwenye meza ya mapokezi, ingawa mkono ulisitasita. Maisha yakaendelea. Madam hakunitajia tena hoteli, ila picha za mazulia aliwaonyesha wageni wake.

Halafu alasiri moja nilikuwa nimeshaswali, nimekaa kitandani, sifanyi kitu. Bangili zikalia ukumbini. Nikaanza kusimama kwa mazoea. Zikafika mlangoni, na mlango haukufunguka. Bangili zikanyamaza. Nikaona kishikio kikishuka kidogo, kisha kikirudi juu polepole.

Akagonga. Kidole kimoja, kwa kusitasita, kama mtu anayejaribu kikaango kama kimeshapata moto.

Kwa nini aligonga sijui, na sitajifanya najua. Pengine ni Sitti alimwambia neno. Pengine mkono ulikuwa umejifunza kule juu bila yeye kutaka. Pengine alimwona tena akilini yule mama mwembamba akimtazama. Hakuniambia, sikumwuliza. Ninachokijua ni kwamba nilikuwa nimevaa, nimejitanda mtandio, sina ninachokificha, na sikujibu.

Akagonga mara ya pili. Akisukuma sasa, basi ni stoo tena hadi mkataba wangu uishe. Akiondoka, hatarudi kugonga maisha. Mtu mwenye akili angejibu. Lakini hodi ni tatu, na kwa miaka yote ile nilikuwa sijapata hata moja. Nikakaa nikishika magoti yangu. Ilikuwa furaha, na ndani yake mlikuwa na inda, nakiri, inda tamu.

Bangili zikatikisika. Nikafikiri amegeuka.

Ikaja ya tatu.

"Karibu, madam," nikasema.

Akaingia, akachukua pasi. Hakuniangalia. Alipotoka aliurudishia mlango nyuma yake. Kitasa mpaka leo sijawekewa, na sijakiomba tena.