Nilivyomdanganya mke wangu kuwa nimeona ndege mwezi wa sita (Mpanda, miaka ya tisini)

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Nimefuatilia ule uzi wa wadau wanaoweka picha za vile vindege vidogo vya manjano vinavyokuja na mvua. Kuna mmoja ameuliza kama huku Mpanda vinaonekana.

Nilitaka nimjibu kwa sentensi mbili nikashindwa, ndiyo maana nimefungua uzi wangu. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijatia chumvi.

Kwanza jibu la mdau. Vipo, tena vingi. Vinaingia mvua zikishakolea na kufikia mwezi wa nne vinaondoka, vinarudi Ulaya huko vinakozaliana.

Usivitafute kwa macho, tanguliza masikio. Amka kabla jua halijatoka, kaa chini ya mti utulie, acha kuzunguka zunguka.

Na ukiingia porini upande wa Ugalla usivae bluu wala nyeusi. Mbung'o wanazipenda hizo rangi, utarudi umevimba kama andazi.

Haya yote sikuzaliwa nayo. Mimi ni Msukuma, wazee wetu walihamia huku na ng'ombe. Kwetu ndege ni yangeyange anayefuata ng'ombe, au kanga akiwa kwenye sufuria.

Aliyenifundisha ni mke wangu, nimwite Leokadia.

Enzi hizo Katavi haijawa mkoa, bado tuko Rukwa. Nilikuwa fundi baiskeli pale Shanwe. Leokadia ni binti wa mfuga nyuki wa Ugalla, na kwao vindege hivyo ndiyo kalenda. Baba yake akiona asubuhi kadhaa zimepita bila kusikia sauti yao, anaanza kusuka kamba za kupandia kwenye mizinga, maana mvua zimeisha na asali inakaribia kurinwa.

Tulipooana akaniambukiza. Asubuhi kabla sijafungua kibanda tunakaa nyuma ya nyumba na uji wetu, na nikitaka kuongea ananifinya.

Nilikuwa na furaha wakuu, niseme ukweli.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, tukapata mtoto wa kiume. Aliishi siku tisa.

Hapo sitaongeza neno, waliopitia wanajua.

Leokadia hakulia. Watu walijaa, wakaimba, wakaondoka, yeye kakaa tu. Baada ya hapo akaingia ndani na hakutoka tena, labda kwenda chooni. Jina la mtoto hakulitaja, na mimi nikaogopa kulitaja.

Chakula matonge mawili. Ukimwambia twende hata kanisani, anageukia ukutani.

Mwaka ule nyumbani kwetu hakuna aliyeona vindege vikiondoka. Shikeni hilo, maana ndipo kosa langu lilipoanzia.

Mwezi wa sita mama yake akaja kutoka Ugalla. Alimwangalia binti yake siku mbili, ya tatu akaniita. Akaniambia kwa heshima kabisa kwamba Jumapili anaondoka naye, akamuuguze nyumbani. Hakusema atamrudisha lini.

Nami sikuthubutu kuuliza, mkwe ni mkwe. Lakini nilijua kwamba mke wangu akipanda lori la kwenda Ugalla katika hali ile, nimempoteza.

Jumatano nikarudi kutoka kibandani. Nilikuwa na mazoea ya kumsimulia nilichokiona njiani, kunguru kaiba sabuni, hua wanagombana, vitu kama hivyo. Hajibu, lakini nilikuwa naongea tu.

Siku hiyo sikuwa nimeona chochote. Nikadanganya.

Nikamwambia nimeona kile kindege cha manjano kule kwenye kijito njia ya mashambani, juu ya mkuyu.

Akageuka. Wakuu, ilikuwa miezi sijaona uso wake ukigeuka wenyewe.

Akauliza, "Kimoja tu?"

Nikasema kimoja.

"Kinaimba?"

Nikasema hapana, kimekaa tu.

Akarudi kuangalia ukuta, nikajua imeishia hapo.

Alfajiri nikashtuka yuko macho, kanawa, kavaa viatu, kajifunga kitenge. Akasema, "Nipeleke."

Nikamkalisha kwenye keria ya baiskeli tukatoka. Majirani walisimama na mifagio yao mkononi, hakuna aliyetusemesha, na ninawashukuru mpaka leo.

Kufika kijitoni tukakaa chini ya mkuyu. Mimi najua hakuna kitu juu ya ule mti. Yeye anaangalia tawi moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Jua likapanda. Akasogea mti wa pili, wa tatu. Akaanza kuangalia chini kwenye majani makavu, anayafunua kwa mkono.

Nikamuuliza anatafuta nini chini.

Akasema wenzake wa kile kindege waliondoka zamani. Aliyebaki mpaka sasa ni mgonjwa au kavunjika bawa, huenda kaanguka.

Nikamwona alivyopiga magoti pale, mikono imejaa vumbi, anatafuta kiumbe ambacho mimi nimekitunga. Nikajiona mtu mbaya sana.

Nikamwambia, "Leokadia, nimekudanganya. Hakuna ndege."

Hakunyanyua kichwa. Akasema, "Najua."

"Umejua saa ngapi?"

"Jana ile ile. Mwezi wa sita hao hawapo, baba saa hizi yuko juu ya mizinga."

Nikamuuliza sasa mbona amekuja.

Akafunua jani jingine. Halafu akasema, "Ulisema yuko peke yake. Nikawaza, na kama ni kweli?"

Na hapo ndipo akalia. Alilia kilio cha miezi minne chote, pale pale kwenye majani, akilitaja jina la mtoto wetu. Nikakaa naye chini tukalitaja wote wawili.

Tulirudi mchana tukitembea, baiskeli naikokota. Akala. Siyo sana, lakini aliomba mwenyewe.

Jumapili mama mkwe akaondoka peke yake. Kabla ya kupanda lori alinishika mkono, jambo ambalo kwa mkwe si la kawaida, akaniambia tu niendelee hivyo hivyo.

Somo langu, wakuu. Sitetei uongo. Ila mfiwa tulimwambia wote ajionee huruma yeye, ale, atoke, ajikaze, na haikusaidia. Alichonyanyukia ni kumwonea huruma mwingine. Kama una mtu wako kafunga mlango, mwombe akusaidie kutafuta kitu kilichobaki peke yake, hata kama wewe hujui kiko wapi.

Haya, mlioko Mpanda, Ugalla, Mishamo, mwaka huu mmeviona? Wekeni hapa. Na kama kuna aliyezika mtoto na hajawahi kumtaja, amtaje hapa, hakuna atakayekucheka.

Wetu aliitwa Emanueli.