Gari la Harusi ya Mae

Kahawa ikichanua kwetu Muleba, harufu yake huingia nyumbani bila kubisha hodi. Hukaa kwenye nguo, hukaa kwenye nywele, na ukifungua mlango wa nyuma asubuhi unaivuta mpaka unasikia njaa. Lakini mwaka niliokuwa naandaliwa kupokea Komunyo ya kwanza sikuisikia hata kidogo. Nyumba yetu ilinuka petroli. Ilinuka thina, na pati ya kuziba mabati yaliyooza, na mafuta ya taa ambamo baba yangu, Tata, alikuwa amelowesha vyuma ndani ya mabeseni ya mama yangu, Mae. Uji ulinuka petroli. Matoke yalinuka petroli. Hata katekista alipokuja kutusikiliza sala alikunja pua mlangoni, akauliza kama tumefungua gereji. Mae akacheka kwa adabu, akamfutia kiti. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshaanza kulichukia lile gari.

Tata alikuwa karani kwenye kiwanda cha kahawa mjini Bukoba mpaka walipopunguza watu. Wenzake waliopunguzwa naye walirudi vijijini wakaezeka nyumba au wakafungua maduka. Yeye alirudi na gari bovu. Aliliona Hamugembe, mtaa wa pale Bukoba, uani kwa mzee mmoja wa Kiislamu, mfanyabiashara aliyekuwa ameshafariki, kuku wanalala ndani yake na mgomba mchanga umechomoza sakafuni. Lilikuwa gari la michezo la Kiingereza, la viti viwili, halina paa, limekaa chini chini utadhani limechuchumaa. Tata alipokuwa kijana aliwahi kumwona yule mzee akipita nalo kando ya ziwa, mkewe pembeni amefunga kitambaa kichwani, upepo unawapiga, na jambo lile halikumtoka tena. Watoto wa marehemu walifurahi kuondolewa takataka uani. Kijijini kwetu wakalibatiza Mtumbwi. “Tata Koku, makasia nayo umenunua?” walimuuliza, Koku nikiwa mimi. Tata alicheka nao. Alikuwa mtu wa kucheka nyakati zile, nisimsingizie.

Nyumba yetu iko ndani kabisa ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba pande zote, na kati yetu na barabara kulikuwa na kibanja cha baba mkubwa, kaka yake Tata. Njia ilikuwa ya miguu tu, mtu nyuma ya mwenzake, majani ya migomba yanakupangusa uso. Mtu mwingine angelitengenezea gari lake barabarani. Lakini sisi Wahaya kitu cha thamani tunakiingiza kibanjani, mbali na macho ya watu, ndipo roho inatulia. Kwa hiyo lori lilipolishusha gari, Tata alilifungua pale pale kipande kwa kipande, na wanaume wa kijiji wakalibeba kwa mabega kwa malipo ya rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Bodi tupu waliipitisha kiubavu katikati ya migomba, kama watu wanaopitisha kitanda mlangoni. Baba mkubwa mwenyewe alishika mbele, anaimba, anawakemea wenzake wasivunje kahawa zake. Hakuna aliyeuliza litatokaje. Tata aliamini kwamba siku ikifika kaka yake atampa njia. Kwa nini amnyime?

Sasa niseme gari lilikuwa la nini, maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Tata na Mae walikuwa hawajafunga ndoa kanisani. Walianza kuishi pamoja kama wengi wanavyoanza, mahari ikatolewa, mimi nikazaliwa, na harusi ya kanisani ikawa inasogezwa mbele mpaka ipatikane sherehe ya maana. Kwa Mkatoliki jambo hilo si dogo. Mae, aliyepokea Komunyo tangu utoto wake na kuimba kwaya usichana wake wote, hakuruhusiwa tena kupokea. Kila Jumapili watu wakipanga foleni kwenda altareni yeye alibaki kwenye benchi, anasogeza magoti pembeni ili wengine wapite, macho kwenye sakafu. Hakutaka pete wala keki, yule mwanamke. Alitaka kupokea Komunyo, basi. Na Tata alikuwa amemwahidi kwamba gari likipona atampeleka kanisani nalo, bila paa, Muleba nzima imwone.

Kazi aliifanya, hilo sitamnyima. Injini aliiweka sebuleni, juu ya majani mabichi tunayotandaza sakafuni kwa ajili ya wageni, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu. Tukala tukiizunguka kama mgeni asiyeondoka. Vyuma alivisugua kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu, gasketi alizikata mwenyewe kwenye maboksi magumu, kabureta aliifungua na kuifunga mpaka nikajua vipande vyake kuliko nilivyojua mafumbo ya Rozari. Kipuri kikikosekana Bukoba aliagiza Mwanza, tukangoja meli. Mae alishona viti kwa cherehani yake, akavijaza sufi, na kitambaa alichagua mwenyewe, cheupe. Nikamwambia cheupe kitachafuka. “Kwani bibi harusi atakikalia mara ngapi?” akanijibu, akang’ata uzi. Sijawahi kumwona akishona kitu kwa furaha ile, hata nguo zangu.

Katikati ya hayo padre akatangaza ndoa za pamoja. Wanaoishi bila ndoa waje wajiandikishe, wafungishwe siku moja, bila matarumbeta, bila msafara, nguo safi tu na mashahidi. Tulirudi nyumbani Mae akitembea mbele, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alimngoja Tata amalize kunawa grisi, akamwambia kwa heshima zote, “Waitu, Tata Koku, tujiandikishe.” Tata akacheka. “Mimi mke wangu afungishwe ndoa kwa foleni, kama watoto wanaopigwa chanjo? Vumilia, Mama Koku. Limebaki dogo.” Limebaki dogo! Maneno hayo nayachukia mpaka leo. Fundi akiniambia limebaki dogo namtafuta fundi mwingine. Mae aliinama akaokota mabeseni yake, akaenda kuyasugua kwa majivu, akayasugua hata yale yaliyokuwa safi.

Siku ya Komunyo yangu nilivaa gauni lililotokana na mabaki ya kitambaa cha viti. Tuliagizwa twende altareni na wazazi wetu, mtoto katikati, na wenzangu wote wakaenda na baba na mama zao. Mimi nilikwenda na shangazi. Tata alikuwa amesimama nje na wanaume wenzake, akiongea habari za plagi. Mae alikuwa kwenye benchi lake. Nilipopita mbele yake alinivuta mkono, akaninyoosha kola, akaninong’oneza, “Nenda, mwanangu, usiangalie nyuma.” Nilipokea nikiwa nalia, na watu wakasema mtoto huyu ana ibada. Ibada gani? Nilikuwa na hasira tu.

Gari likawaka kabla ya masika. Lilikuwa zuri, siwezi kukataa, jekundu la buni mbivu, taa zake mbili za mviringo zinang’aa. Injini iliponguruma kuku walitawanyika, Mae akapiga vigelegele, na mimi mwenyewe nikajikuta naruka. Tata alilisogeza mbele taratibu, kichwa juu, likafika mwisho wa uwanja likasimama. Mbele yake ilikuwa migomba ya kaka yake.

Baba mkubwa aliitwa, akaja, akalizunguka gari mikono iko mgongoni. Tata akamwonyesha kwa kidole pa kukata. “Ni mstari mmoja tu wa migomba, kaka, na kahawa kidogo.” Baba mkubwa akauliza, “Kahawa za baba?” Tata akasema atampandia nyingine. “Nikate kahawa aliyopanda baba, kwa ajili ya kigari cha watu wawili?” Baba mkubwa alitikisa kichwa. “Uliliingiza kwa mabega, mdogo wangu. Litoe kwa mabega.” Akaondoka bila kugusa rubisi aliyowekewa, na kwetu kuiacha rubisi ya ndugu ni tusi lisilohitaji maneno. Tata alibaki ameshika usukani, masikio yamemwiva.

Hapo ndipo Mae aliposema neno ambalo, kama Tata angelisikiliza, nisingekuwa naandika haya. Alisema, “Basi twende kwa miguu. Mimi miguu ninayo.” Barabara ilikuwa karibu, kanisa halikuwa mbali, padre alikuwa tayari. Tata akasema mke wake hatakwenda kanisani kama anayekwenda kuchota maji. Kulifungua tena gari hakutaka, angechekwa. Kumwangukia kaka yake mbele ya wazee hakutaka, ni yeye aliyetukanwa. Na kaka mtu naye akangoja aangukiwe. Wanaume wazima wawili, kila mmoja amevimba kibanjani kwake! Kila jioni Tata aliwasha injini ili baba mkubwa aisikie, akaingurumisha kidogo, akaizima. Ilikuwa ndiyo safari yake. Mae alikuwa ndani, anamenya ndizi. Jumapili alikwenda kanisani, akasogeza magoti, watu wakapita.

Masika yalipokolea Mae alianza homa. Alikunywa dawa, ikapungua, ikarudi, na asubuhi moja hakuweza kusimama. Wanaume wakaja na machela wakambeba kwa njia ya miguu, mvua inawapiga, wanateleza, naye analalamika kwa sauti ndogo kila walipoyumba. Gari zima, linalowaka, lilikuwa uwanjani limefunikwa turubai. Nilisimama pale nikalipiga teke. Alifia hospitali kabla padre aliyeitwa hajafika. Hakufunga ndoa. Hakupokea. Katekista ndiye aliyemzika, kwa sala fupi, kama ilivyokuwa desturi parokiani kwetu kwa wasiofunga ndoa, na kwaya aliyoiimbia haikuja.

Na sikilizeni hili. Asubuhi ya msiba baba mkubwa alikuja na panga, hakuna aliyemwomba, akaanza kukata migomba yake. Watu ni wengi, alisema, lazima wapate pa kukaa na majani ya kukalia, msiba wa shemeji yangu hauwezi kukosa nafasi. Alikata mstari ule ule alioonyeshwa kwa kidole. Kahawa za baba yao akazing’oa na mizizi. Kufika adhuhuri palikuwa peupe mpaka barabarani, na pikapu iliyoleta jeneza ikaingia hadi mlangoni bila kugusa jani. Tata na kaka yake wakakumbatiana wakilia, na waombolezaji wakawasifu kwamba ndugu wamepatana. Niliwatazama wote wawili nikatamani kuwapiga mawe. Nilikuwa mtoto, nikakaa kwenye majani na wanawake.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Bukoba, Kagondo, na kwetu Muleba pamebadilika. Pale palipokatwa migomba pana barabara ya changarawe, bodaboda zinaingia hadi uani, na vijana hawajui kwamba palikuwa na njia ya miguu. Baba mkubwa alishafariki. Tata ni mzee, hakuoa tena, na tangu alipobaki mjane hakuwa na kizuizi chochote. Alikwenda kuungama, na kila Jumapili yuko kwenye foleni ya Komunyo, mikono kifuani. Sisemi asipokee. Nasema tu kwamba kifo cha Mae ndicho kilichomfungulia yeye, na nikiwa nyuma yake kwenye foleni ile nashindwa hata kusali. Na watu bado wanangoja. Siku hizi wanangoja ukumbi, mshehereshaji, michango, picha za angani, sare za kamati. Wasichana wazuri wanakaa kwenye benchi lile lile na watoto mapajani, wanasogeza magoti, na wanaume wao wanawaambia limebaki dogo.

Halafu wanakuja kuliazima gari la Tata. Hakuna harusi ya maana upande ule inayokamilika bila lile gari jekundu. Analipamba riboni, anavaa suti, anawapeleka mabibi harusi wa watu kanisani polepole, kijiji kizima kinapiga picha. Mwezi uliopita nilikuwa nyumbani alipomrudisha mmoja, binti mdogo mchangamfu, shela limejaa vumbi. Nilimsaidia kushuka. Akauliza, “Babu, na bibi naye ulimpeleka kanisani kwa gari hili?” Tata akatabasamu. “Ndiyo, mjukuu wangu,” akasema. “Yeye ndiye alikuwa wa kwanza.” Binti akapiga makofi, akasema bibi alijaliwa.

Nilijizuia, maana harusi ilikuwa ya watu. Walipoondoka nikamwambia, “Tata, Mae hakulipanda gari hili hata siku moja.” Hakunitazama. Alikuwa anafungua riboni kwenye kioo, fundo limemshinda. “Najua, Koku,” akasema. “Lakini watu wakiniuliza, niseme nini?” Ni mzee, ni baba yangu, na palikuwa na majirani, kwa hiyo nilichukua mkoba wangu nikaita bodaboda. Jibu nimeliacha moyoni tangu siku ile na sasa naliandika, alisome au asomewe. Sema kweli, Tata. Sema ulimngojesha mpaka akafa.