Jiko la Biriani Uani

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Nakwambia kwa sababu nimeliona hilo jiko la gesi ulilolileta uani, lile kubwa la kupikia biriani ya harusi, na nimeiona ndoo ya risasi chakavu. Unataka kuyayusha utengeneze chubwi za mishipi yako ya kuvulia. Nami nna khofu.

Kaka yangu Nasoro alikuwa vivyo hivyo. Tulikuwa tukikaa Sidab, kwenye mtaa wa wavuvi, mie msichana. Baba alimwambia ayayushe kwa makaa, kwenye seredani, mbali na nyumba, tena kwa chungu cha chuma. Yeye hataki. "Makaa yatanikalisha mpaka magharibi," akasema. Akaliwasha jiko letu la biriani, la gesi kama hilo lako, mpaka likanguruma, akabandika sufuria nyepesi ya mama ya kupikia wali.

Mama akatoka mbio. "Nasoro, moto huo wa kupikia mbuzi mzima! Punguza, toka hapo!"

"Kidogo tu, mama."

Hajamaliza kusema, kitako cha sufuria kikaachia. Yallah! Risasi ikamwagika juu ya mpira wa gesi, ikamfika mguuni. Ukelele ule bado nausikia. Moto ukashika mpira, unakwenda kwenye mtungi, nami nimesimama tu. Mama alivua kanga, akaizungushia mkononi, akaufunga mtungi. Nasoro alipona, lakini alichechemea mpaka anakwenda kaburini.

Sasa mkeo Zuwena ni mjamzito, na dirisha lake liko papo hapo juu ya ua. Moshi wa risasi ni sumu, mwanangu. Unadhani utampita mtoto aliye tumboni kwa kuwa wewe una haraka?

Basi lirudishe jiko hilo kwa wenyewe. Chubwi zimejaa madukani Hamriya, kanunue. Na siku ukiwa huna budi, nenda mbali na watu, uwe na moto wa kiasi unaoweza kuutawala, na chungu kizito cha chuma kisichorudi tena jikoni. Tone la maji lisikaribie, risasi itakurukia usoni.

Niite mwoga, sikasiriki. Mwoga nimekuwa tangu siku ile, na kwa woga huo nimekulea wewe mpaka umeota ndevu.

Mwenyezi Mungu akuhifadhie macho yako na miguu yako, amjaalie Zuwena ajifungue salama, na mimi anipe uhai nimpakate huyo mtoto. Haya, nenda kauchomoe huo mpira kwenye mtungi. Nimesimama hapa, siondoki mpaka nione.